Vita vya vigogo Disney: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu zaidi The Walt Disney Company, kwa sababu migogoro ya wakubwa wake imeacha nyaraka za kutosha mahakamani na kwenye taarifa za soko la hisa, hivyo si lazima mtu ategemee umbea. Mwishoni tumegusa CBS, kampuni ya televisheni ya Marekani, ambako sheria za mchezo ni nyingine. Maswali yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine.

## Mambo ya msingi

1. Nani hasa mwenye mamlaka ya kumng'oa mtendaji mkuu?

Bodi ya wakurugenzi, basi. Wanahisa wanachagua bodi, bodi inaajiri mtendaji mkuu, naye anaajiri waliobaki. Disney imesajiliwa katika jimbo la Delaware, wajumbe wote wa bodi hupigiwa kura kila mwaka, na kila hisa ina kura moja. Hakuna familia yenye kura za turufu, hata ile yenye jina mlangoni. Roy E. Disney, mpwa wa Walt, aling'oa watendaji wakuu wawili (tazama la 4 na la 10) ilhali hisa zake zilikuwa sehemu ndogo sana ya kampuni. Alichofanya mara zote mbili ni kuwavuta wenye hisa nyingi upande wake.

Hiyo ni sheria. Hali halisi hupinda kidogo: mtendaji aliyekaa muda mrefu hupendekeza wajumbe wa bodi, na baada ya miaka kumi hivi bodi inayopaswa kumsimamia imejaa watu wake. Enzi za Michael Eisner, bodi ya Disney ilikuwa na mwanasheria wake binafsi, mkuu wa shule waliyosoma watoto wake, na msanifu majengo aliyekuwa akipewa kazi na kampuni. Kwa hiyo ukitaka kujua mtendaji mkuu ana nguvu kiasi gani, usianze na filamu zilizofanya vizuri. Anza na orodha ya wajumbe wa bodi na namna kila mmoja alivyoingia.

2. Mwenyekiti, mtendaji mkuu na rais wa kampuni wanatofautianaje?

Mwenyekiti anaongoza bodi: anaitisha vikao na kupanga ajenda. Mtendaji mkuu anaongoza kampuni. Rais wa kampuni kwa kawaida ni mtu wa pili, na mara nyingi ndiye pia mkuu wa uendeshaji. Tatizo huanza pale mtu mmoja anapokuwa mwenyekiti na papo hapo mtendaji mkuu, maana hapo anapanga ajenda ya kikao kinachompima yeye mwenyewe. Eisner alishika vyeo vyote viwili tangu 1984 hadi 2004. Bob Iger, mrithi wake, alivipata vyote viwili mwaka 2012.

Kuna cheo cha nne chenye hatari yake: mwenyekiti mtendaji. Huyu ni mtendaji mkuu aliyeachia kiti lakini hajatoka jengoni. Matokeo yake yamo kwenye jibu la 12.

3. Kwa nini "nani anaripoti kwa nani" huzua ugomvi kuliko mshahara?

Kwa sababu mshahara umeshaandikwa kwenye mkataba, lakini mamlaka ya kila siku yako kwenye mstari wa kuripoti. Anayeripoti kwako hawezi kupitisha bajeti bila wewe. Asiyeripoti kwako anaweza kukupita na kwenda juu kila utakapomkatalia, na wenzake wakishaona imewezekana mara moja nao watafanya hivyo.

Mfano ulio wazi ni wa Agosti 1995, Michael Ovitz alipokuwa akikaribia kuwa rais wa Disney. Katika kikao nyumbani kwa Eisner, ofisa mkuu wa fedha Stephen Bollenbach na mwanasheria mkuu Sandy Litvack walisema wazi kwamba hawataripoti kwa Ovitz, bali kwa Eisner moja kwa moja. Ovitz akakubali. Kabla hajaketi kwenye kiti chake, fedha na sheria vilikuwa tayari nje ya mikono yake. Rais wa kampuni asiyeshika hivyo viwili ni mgeni rasmi tu.

## Kutoka 1984 hadi 1994

4. Ugomvi wa 1984 ulianzaje?

Walt alifariki Desemba 1966, kaka yake Roy O. Disney akafuata Desemba 1971. Kampuni ikabaki kwa watu waliolelewa ndani, na kufikia 1983 mtendaji mkuu alikuwa Ron Miller, mkwe wa Walt. Studio ilikuwa imedorora huku mali zikiwa nyingi: ardhi, bustani za burudani na maktaba ya filamu. Bei ya hisa ikawa chini kuliko thamani ya mali, na kampuni ya namna hiyo huvuta wanyakuzi.

Machi 1984 Roy E. Disney alijiuzulu kwenye bodi, ishara kwamba upande wa familia yake hauko tena na uongozi. Mfanyabiashara Saul Steinberg akaanza kununua hisa kwa wingi na kutishia kuichukua kampuni aivunje vipande. Juni bodi iliamua kununua hisa zake zote kwa dola milioni 325 hivi, bei iliyompa faida nono ili aondoke. Wanahisa wengine hawakupewa bei hiyo, na hasira yao ikamgeukia Miller.

Kilichoamua mechi ni hatua ambayo wengi huisahau. Katika kujikinga, Disney ilinunua kampuni ya ardhi ya Arvida kwa hisa zenye thamani ya dola milioni 200. Waliouza ni ndugu wa Bass wa Texas, hivyo wakawa wanahisa wakubwa wa Disney kwa mkupuo mmoja, kisha wakaendelea kununua. Roy na mshauri wake Stanley Gold walipowapata Bass, hesabu ya kura ilikuwa imekwisha. Septemba 1984 Miller akaondolewa, na Eisner akaletwa kutoka Paramount pamoja na Frank Wells aliyewahi kuwa Warner Bros.

5. Eisner na Wells waliwezaje kukaa pamoja miaka karibu kumi?

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa walikaa. Sababu ya kwanza ni kwamba suala la ukubwa lilimalizwa kabla ya siku ya kwanza: Wells alipendekeza wagawane cheo cha juu, Eisner akakataa, Wells akakubali kuwa wa pili na hakuufufua mjadala huo. Ya pili ni mgawanyo wa kazi. Eisner alishughulika na ubunifu. Wells alishika mikataba, fedha na, muhimu zaidi, malalamiko. Wakuu wa idara waliokwaruzana na Eisner walipitia kwake kwanza, na mengi yaliishia hapo.

Wells alifariki kwa ajali ya helikopta Nevada tarehe 3 Aprili 1994. Ndani ya miezi mitano ugomvi aliokuwa akiuzima ukalipuka.

6. Kwa nini Katzenberg aliondoka?

Jeffrey Katzenberg aliongoza studio na alitaka kiti cha Wells. Alishikilia kwamba Eisner aliwahi kumwahidi. Badala yake Eisner alijitwalia mwenyewe cheo cha urais mara tu baada ya msiba. Julai akafanyiwa upasuaji wa moyo, na hata hapo hakumpa Katzenberg nafasi. Agosti 1994 ikatangazwa kwamba Katzenberg anaondoka, na Oktoba akaanzisha DreamWorks pamoja na Steven Spielberg na David Geffen.

Kisha ikaja bili. Mkataba wake ulimpa asilimia 2 ya faida ya kazi alizozianzisha, ikiwamo faida ya miaka ijayo. Disney ilidai kwamba kwa kuondoka ameipoteza haki hiyo. Akafungua kesi 1996, na ikamalizwa kwa maelewano 1999. Kiasi hakikutangazwa rasmi, lakini makadirio yaliyoenea ni kama dola milioni 250. Mtu akiwa na sehemu ya faida, kifungu cha kusomwa kwanza ni kile kinachoeleza nini kinatokea akiondoka, kabla hata ya asilimia yenyewe.

## Ovitz na kiinua mgongo

7. Ilikuwaje mtu wa miezi 14 akaondoka na dola milioni 130?

Ovitz aliacha CAA, wakala wa wasanii wenye nguvu kuliko wote Hollywood wakati huo, na alitaka kinga endapo mambo yangeharibika. Mkataba wa miaka mitano aliopewa ulisema akiondolewa bila kosa atalipwa mishahara yote iliyobaki, dola milioni 7.5 za bonasi kwa kila mwaka uliobaki, dola milioni 10 taslimu juu yake, na haki ya kununua hisa milioni 3 kwa bei iliyopangwa itaiva papo hapo.

Soma tena orodha hiyo utaona kasoro. Malipo yanapungua kadiri mtu anavyokaa kazini, maana miaka iliyobaki inapungua. Kuondoka mapema kunalipa kuliko kuchelewa. Alianza Oktoba 1995, akaondolewa Desemba 1996, na akachukua zaidi ya dola milioni 38 taslimu. Sehemu kubwa iliyobaki ilitokana na hisa.

Kasoro ya pili ilikuwa kwenye utaratibu. Kamati ya mishahara ya bodi ilikaa Septemba 1995 kwa takriban saa moja, na katika saa hiyo ilijadili mkataba wa Ovitz pamoja na mambo mengine kadhaa. Wajumbe hawakuwa na jedwali moja linaloonyesha jumla ya malipo endapo ataondoka mwaka wa kwanza, wa pili au wa tatu. Jedwali la namna hiyo lingetosha ukurasa mmoja.

8. Kwa nini bodi haikumfukuza kwa kosa ili isimlipe?

Kwa sababu mkataba ulibana sana maana ya kosa: uzembe mkubwa uliopindukia, au utovu wa maadili ya kazi. Kutoelewana na bosi, kushindwa kuzoea utamaduni wa kampuni, au kuonekana hafai hakuingii humo. Wanasheria wa Disney waliliangalia hilo na kuona hoja haisimami. Kampuni ikijaribu kulazimisha hulipa mara mbili: fedha zile zile na gharama za kesi. Linganisha na yaliyompata mkuu wa CBS, jibu la 17.

9. Wanahisa walikwenda mahakamani. Kwa nini walishindwa?

Kesi ilisikilizwa Delaware kwa siku 37, kati ya Oktoba 2004 na Januari 2005. Jaji William Chandler alitoa hukumu Agosti 2005 na Mahakama ya Juu ya Delaware ikaiunga mkono Juni 2006. Jaji hakuwasifu wakurugenzi hata kidogo. Alisema mwenendo wa Eisner na bodi ulikuwa mbali na kile ambacho kampuni bora zingefanya. Lakini kufanya kazi chini ya kiwango bora si kuvunja sheria. Sheria ya Delaware humlinda mkurugenzi aliyeamua kwa nia njema na bila kujinufaisha, hata kama uamuzi uliigharimu kampuni.

Kwa hiyo anayedhani mahakama itamwondolea kigogo asiyemtaka hajaijua Delaware. Mahakama hukagua uaminifu na utaratibu. Uwezo wa mtu hupimwa na bodi, na bodi hupimwa kwa kura.

## Kuanguka kwa Eisner

10. Mwaka 2004 Eisner alipata kura nyingi kuliko zilizomkataa. Kwa nini basi aliondoka?

Kwa utaratibu wa kura uliotumika wakati huo, mgombea asiye na mpinzani hakuweza kushindwa. Mwanahisa angeweza tu kumnyima kura, na hata angebakiwa na moja angepita. Ndiyo maana namba iliyotazamwa ni ya walionyima. Katika mkutano mkuu wa tarehe 3 Machi 2004 mjini Philadelphia, hesabu ya awali ilikuwa asilimia 43. Kwa kampuni kubwa, asilimia 10 tayari ni aibu. Usiku huo huo bodi ilimvua uenyekiti na kumpa George Mitchell, aliyekuwa seneta. Eisner akabaki mtendaji mkuu hadi mwisho wa Septemba 2005.

Nyuma ya namba hiyo kulikuwa na mambo matatu. La kwanza, Roy E. Disney na Gold walijiuzulu kwenye bodi mwishoni mwa 2003 na kuendesha kampeni ya wazi, wakizungumza na mifuko ya pensheni na washauri wa upigaji kura. ISS, mshauri mkubwa kuliko wote, ilishauri wateja wake wamnyime Eisner kura. La pili, studio ya katuni ya Pixar, chini ya Steve Jobs, ilivunja mazungumzo ya mkataba mpya Januari 2004. Mwezi uliofuata Comcast, kampuni ya televisheni ya kebo, ikatangaza ofa ya kuinyakua Disney, ofa ambayo iliondolewa Aprili.

La tatu halisemwi sana, nasi tunaliona kuwa ndilo zito kuliko yote. Ndugu wa Bass, ngome ya Eisner tangu 1984, walilazimika kuuza hisa milioni 135 mnamo Septemba 2001 soko lilipoporomoka, kwa sababu walikuwa wamekopea hisa zao. Ngome hiyo ilipoondoka, hisa zikaenda kwa wawekezaji wa taasisi wasiokuwa na urafiki wa kulinda. Eisner alidumu miaka miwili na nusu tu bila Bass kabla ya kura ile.

## Urithi: Iger na Chapek

11. Kwa nini warithi watarajiwa wa Iger waliondoka mmoja baada ya mwingine?

Kila tarehe ya kustaafu kwa Iger ilisogezwa. Kwanza ilikuwa 2015, ikawa 2016, ikawa 2018, ikawa 2019, kisha mwisho wa 2021. Mtu anayesubiri kiti hawezi kusubiri bila kikomo: soko linamwona kama aliyekwama, na wakubwa wa kampuni nyingine wanamtafuta akiwa bado wa moto. Jay Rasulo na Tom Staggs walishindanishwa. Staggs akapewa cheo cha mkuu wa uendeshaji Februari 2015 na Rasulo akaondoka mwaka huo. Mwaka uliofuata Staggs naye akaaga baada ya bodi kusita kumthibitishia urithi. Kevin Mayer, aliyesimamia uzinduzi wa Disney+, huduma ya kutazama mtandaoni, aliondoka Mei 2020 baada ya kurukwa.

Kuwashindanisha wawili hadharani kuna bei hiyo: anayeshindwa huondoka, na anayeshinda akisitasitiwa huondoka pia. Bodi hubaki na wa tatu.

12. Bob Chapek alikosea wapi?

Watu hutaja sana ugomvi wa Machi 2022 kuhusu sheria ya Florida iliyobana mafundisho ya jinsia na mapenzi ya jinsia moja shuleni, na kesi ya Julai 2021 ambayo mwigizaji Scarlett Johansson aliishtaki Disney kuhusu malipo ya filamu yake. Yote mawili yalimuumiza, lakini mzizi ni mpangilio wa ofisi.

Aliteuliwa mtendaji mkuu, kumrithi Iger, tarehe 25 Februari 2020. Iger hakuondoka, alibaki mwenyekiti mtendaji hadi mwisho wa 2021 akisimamia ubunifu. Wiki chache baadaye janga la korona likafunga bustani na sinema, na Iger akaonekana kurudi kushika hatamu. Wakuu wa studio wakawa na mabosi wawili, mmoja waliyemzoea kwa miaka 15.

Jibu la Chapek lilikuja Oktoba 2020. Aliunda kitengo kipya cha usambazaji chini ya Kareem Daniel na kukipa mamlaka ya kuamua kila kazi itaonyeshwa wapi, pamoja na daftari la faida na hasara. Waliotengeneza filamu na vipindi wakabaki kutengeneza tu. Mkuu wa studio asiyeshika bajeti wala tarehe ya kutolewa filamu hawezi kumwahidi mtayarishaji kitu chochote, na katika biashara ya burudani ahadi ndiyo mtaji wake. Kwa mpangilio mmoja Chapek aliwageuza wakuu wote wa ubunifu kuwa wapinzani wake. Juni 2022 alimfukuza Peter Rice, mkuu wa televisheni aliyeheshimika sana Hollywood, na waliobaki wakaelewa kwamba zamu yao inaweza kufika.

13. Bodi ilimwongezea Chapek mkataba Juni 2022, ikamwondoa Novemba. Hilo linaelewekaje?

Kura ya Juni ilikuwa ya kutuliza upepo. Mkataba wake ulikuwa unaisha Februari 2023, na mtendaji mkuu mwenye miezi minane hawezi kuagiza mtu. Bodi ikampa miaka mitatu.

Kisha tarehe 8 Novemba zikatoka hesabu za robo mwaka: huduma za kutazama mtandaoni zilipoteza dola bilioni 1.47, zaidi ya mara mbili ya mwaka uliotangulia. Kesho yake hisa ilianguka kwa asilimia 13. Taarifa za vyombo vya habari zilisema maofisa waandamizi, akiwamo ofisa mkuu wa fedha Christine McCarthy, waliieleza bodi kwamba wamekosa imani naye. Bodi inaweza kuvumilia wabunifu wanaolalamika, kwani hao hulalamika kila siku. Ofisa wa fedha akijiunga nao, kibarua kimeota nyasi. Jumapili usiku tarehe 20 Novemba ikatangazwa kwamba Iger amerudi. Siku iliyofuata Iger alianza kuvunja kitengo cha usambazaji, na Daniel akaondoka.

Chapek alilipwa zaidi ya dola milioni 20, matokeo ya mkataba ule wa Juni. Kuhusu kwa nini malipo hayo hayakwepeki, tazama la 8.

## Wanahisa wanaobisha hodi

14. Nelson Peltz alitaka nini, na kwa nini alishindwa?

Mwekezaji huyu alitaka kiti kwenye bodi kupitia mfuko wake wa uwekezaji, Trian. Awamu ya kwanza ilianza Januari 2023 na ikaisha Februari, Iger alipotangaza kupunguza gharama kwa dola bilioni 5.5 na kazi 7,000. Awamu ya pili ilianza mwishoni mwa mwaka huo. Safari hii alikuja na zaidi ya hisa milioni 30, nyingi zikiwa za Ike Perlmutter, mkuu wa zamani wa Marvel aliyeondolewa Disney Machi 2023, na mgombea wake wa pili alikuwa Jay Rasulo, yule yule wa jibu la 11. Walioachwa kando hawapotei.

Kura ilipigwa tarehe 3 Aprili 2024. Iger alipata asilimia 94, Peltz 31. Disney ina wanahisa wadogo wengi kupita kawaida, wengi wao wakiwa na hisa kwa mapenzi ya jina, na kampuni iliwafuata mmoja mmoja. Yenyewe ilikadiria kutumia hadi dola milioni 40. Peltz pia hakuwa na jibu la kueleweka kwa swali dogo: ukiingia, utabadilisha filamu gani, chaneli gani, bei gani?

15. Kushindwa kura ni kushindwa kweli?

Si mara zote. Shinikizo la Peltz lilikwenda sambamba na kupunguzwa gharama na kurudishwa kwa gawio lililosimamishwa tangu 2020, na hisa ilipanda kabla ya kura. Bodi nayo ilibanwa kuhusu urithi: Oktoba 2024 ilitangaza kwamba James Gorman, aliyewahi kuongoza Morgan Stanley, atakuwa mwenyekiti kuanzia Januari 2025 na mrithi wa Iger atatajwa mapema 2026. Baada ya yale ya jibu la 11, kuweka tarehe hadharani lilikuwa jambo jipya.

## Mambo ya pembeni

16. Inakuwaje pale familia moja inaposhika kura nyingi?

Hapo bodi inaweza kuwa na haki na bado ikashindwa. Katika CBS, kampuni ya familia ya Redstone, National Amusements, ilikuwa na karibu asilimia 80 ya kura huku sehemu yake ya mtaji ikiwa kama asilimia 10, kwa sababu hisa zilikuwa za madaraja mawili na daraja moja tu lilipiga kura. Mei 2018 bodi ilijaribu kutoa gawio maalumu la hisa zenye kura kwa wanahisa wote, ili kura za familia zishuke hadi asilimia 17 hivi. Shari Redstone alijibu kwa kubadilisha kanuni za kampuni, kitu ambacho mwenye kura nyingi anaweza kukifanya kwa saini tu. Mahakama ilikataa kumzuia kwa amri ya dharura, na Septemba pande zote zikamaliza shauri. Mwishoni mwa 2019 CBS iliungana na Viacom, kampuni nyingine iliyokuwa mikononi mwa familia hiyo, kama familia ilivyotaka.

17. Les Moonves alinyimwa kiinua mgongo. Tofauti yake na Ovitz ni ipi?

Ushahidi wa kosa. Moonves aliondoka CBS Septemba 2018 baada ya wanawake kadhaa kumtuhumu kwa unyanyasaji wa kingono, tuhuma alizozikanusha. Dola milioni 120 zilitengwa kusubiri uchunguzi wa wanasheria wa nje, na Desemba bodi ikatangaza kwamba kuna sababu ya kumfukuza, ikiwamo kukiuka sera za kampuni na kutoshirikiana na uchunguzi, hivyo halipwi. Ovitz hakuwa na lolote la namna hiyo kwenye faili lake.

18. Nawezaje kufuatilia bila kutegemea tetesi?

Ingia EDGAR, hifadhi ya bure ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani, SEC, na utafute kwa alama ya hisa, DIS. Fomu 8-K, kipengele 5.02, ndiyo hutangaza ofisa mkuu anayeingia au kutoka. Kampuni ina siku nne za kazi kuiwasilisha, na mikataba huambatishwa hapo au kwenye ripoti ya robo mwaka inayofuata. Fomu 13D hutolewa na anayevuka asilimia 5 ya hisa akiwa na nia ya kushawishi uongozi. Tangu 2024 muda wake ni siku tano za kazi badala ya siku kumi za kalenda za zamani. Fomu 4 huonyesha vigogo wanaponunua au kuuza hisa zao.

Nyaraka yenye utamu zaidi ni DEF 14A, ya mkutano mkuu. Mwaka wa fedha wa Disney unaisha karibu na mwisho wa Septemba, kwa hiyo kwa kawaida hii hutoka kati ya Januari na Februari. Usisome kuanzia mwanzo. Nenda kwenye jedwali la malipo endapo mtu ataondolewa, kisha kwenye orodha ya wanahisa wakubwa. Jina la mtu likiingia ghafla kwenye jedwali la kwanza, huenda amepandishwa ngazi kimyakimya.

19. Nina hisa chache kupitia dalali, na nimetumiwa karatasi mbili za kura za rangi tofauti. Nifanye nini?

Mwaka 2024 ya Disney ilikuwa nyeupe na ya Trian buluu. Tangu Septemba 2022 kanuni zinataka kila upande uorodheshe wagombea wote, hivyo unaweza kuchanganya majina kwenye karatasi moja. Tumia moja tu. Ukipiga zote mbili, yenye tarehe ya karibuni hufuta iliyotangulia, na hapo ndipo wengi hujifutia kura bila kujua kwa kurudisha karatasi ya pili ili tu "kuikataa".

Hesabu alama zako kabla ya kutuma. Viti vikiwa 12 ukaweka alama kwa 13, kura zako zote za wajumbe wa bodi zinaharibika. Ukiweka alama chache kuliko viti, zilizopo zinahesabiwa. Na kama ulinunua hisa baada ya tarehe ya kumbukumbu iliyotajwa kwenye DEF 14A, hutapiga kura mwaka huo. Kura inabaki kwa aliyekuuzia.